Costco au kituo cha malori? Mahali pa kujaza mafuta mkisafiri na RV

Swali: "Tunaishi karibu na Minneapolis. Mwezi Julai tumekodi RV (gari-nyumba lenye vitanda na jiko) ya futi 30, tunakwenda hifadhi ya Yellowstone: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mume wangu anasema tutajaza mafuta Costco, lile duka kubwa la wanachama lenye pampu zake, kila tutakapoiona, kwa sababu bei yao iko chini. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa lori, anasema tuingie vituo vya malori tu, huko kuna nafasi na bei nzuri. Wamebishana mpaka imekuwa kero. Nani yuko sahihi, na wenye uzoefu wa RV huchaguaje kituo?"

Dada, kila mmoja wao ana nusu ya ukweli, na nusu aliyoikosa ndiyo inayolihusu gari mlilokodi. Niliendesha malori kabla ya kuhamia kwenye RV, kwa hiyo nitaanza na shemeji yako. Hoja yake naijua vizuri.

Kituo cha malori, iwe Pilot, Flying J, Love's au TA, kina pande mbili. Upande mmoja una njia ndefu zilizonyooka, ambako lori la futi 70 linaingia na kutoka bila kukunja kona. Upande mwingine, mara nyingi mbele ya duka, kuna pampu za magari madogo. Shemeji akisema kuna nafasi anazungumzia njia anazopita yeye kila siku, na njia hizo zinauza dizeli tu pamoja na DEF, kile kimiminika cha kusafisha moshi wa injini za kisasa za dizeli. RV za kukodi za saizi yenu, zenye kichwa cha Ford na kitanda juu ya dereva, karibu zote ni za petroli. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kwamba gari likiwa kubwa kiasi hicho ni la dizeli, na watu wamewahi kupanga foleni nyuma ya malori dakika 20 ndipo wagundue kwamba pampu waliyoingoja haina kitu chao. Basi soma kibandiko kwenye mfuniko wa tangi siku mnapochukua gari, na mama mkwe pia aambiwe, maana msaidizi mwenye nia njema naye anaweza kushika mkono wa pampu usiofaa.

Baadhi ya Flying J na Love's wametenga njia za RV zenye petroli na dizeli, ndefu kuliko za magari madogo. Zikiwepo njiani, ziingieni bila kufikiri mara mbili. Hazipo kila kituo, kwa hiyo angalieni kwenye programu ya simu ya kampuni husika kabla ya kutegemea.

Kuhusu bei, shemeji anatumia hesabu isiyowahusu. Malori ya biashara yanayovuka majimbo yanaongozwa na mkataba wa kodi ya mafuta uitwao IFTA. Kila robo mwaka kampuni inatoa hesabu ya maili ilizotembea katika kila jimbo na galoni ilizonunua, kisha kodi inagawanywa kwa kufuata maili. Ukinunua dizeli kwenye jimbo lenye kodi ndogo ukaichomea kwenye jimbo lenye kodi kubwa, utadaiwa tofauti yake. Ndiyo maana dereva wa lori mjanja hatazami bei ya ubaoni, anatazama bei baada ya kutoa kodi, na mara nyingine anajaza kwa makusudi mahali ambapo ubao unaonyesha bei ya juu. RV ya matembezi ya familia haimo kwenye IFTA. Mkishalipa kwenye pampu, mmemaliza. Kwenu bei ya ubaoni ndiyo bei, na punguzo la kadi ya kampuni analopata yeye ni la dizeli ya lori.

Tofauti za kodi kati ya majimbo zipo na nyingine ni kubwa. Kodi ya serikali kuu kwa petroli ni senti 18.4 kwa galoni, haijabadilika tangu 1993, na ni ileile kila mahali. Juu yake kila jimbo linaweka ya kwake: Texas senti 20, California zaidi ya 60. Anayetoka Arizona kuingia California hujaza kabla ya mpaka, na ana haki. Kwenye njia yenu ya Minnesota, South Dakota na Wyoming tofauti si za kuwanyima usingizi, isipokuwa Wyoming inatoza kidogo kuliko Minnesota, kwa hiyo hakuna sababu ya kuondoka nyumbani mmebeba mafuta ya akiba.

Sasa mume. Costco kweli huwa na bei ndogo, na kama unaendesha sedani sina neno. Lakini pampu za Costco zimepangwa kwa ajili ya magari madogo mengi yanayopita kwa kasi: njia za kuelekea upande mmoja, foleni iliyobana, magari pembeni na magari nyuma. Ukiingia na futi 30 ukagundua kona ya kutokea haikutoshi, huwezi kurudi nyuma, kwa sababu nyuma yako kuna watu wanane wenye kadi za uanachama na haraka zao. Na baada ya Sioux Falls, kuelekea magharibi kwenye barabara kuu ya I-90, mtapita mashamba na vimji vidogo kwa mamia ya maili. Huko Costco si mpango wa kuutegemea.

Tuweke namba, labda zitamaliza ubishi. Kutoka kwenu hadi Yellowstone ni kama maili 1,000. Kwenda, kurudi na kuzunguka ndani ya hifadhi, tuseme maili 2,400. RV ya aina hiyo hutembea maili 8 hadi 10 kwa galoni, na ukichukua 9 mtatumia galoni kama 267. Mume akifanikiwa kuokoa senti 10 kwa galoni safari nzima, kila mara, bila kukosa, atakuwa ameokoa dola 27. Akichepuka maili 6 kwenda kituo cha bei rahisi na maili 6 kurudi barabarani, amechoma zaidi ya galoni moja, na faida ya kujaza galoni 40 kwa punguzo la senti 10 imeishia hapohapo. Kona moja ya faibaglasi ikigusa nguzo ya pampu, bili inahesabika kwa mamia au maelfu ya dola, na amana yenu iko mikononi mwa waliowakodisha. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye RV anapotafuta mafuta ni moja: nitatokaje? Bei inakuja baadaye, miongoni mwa vituo vilivyopita mtihani huo.

Kutokea kunategemea pampu zimepangwa vipi. Kuna vituo ambavyo gari linapojaza limeelekeza pua kwenye mlango wa duka. Ukimaliza, mbele yako kuna magari yaliyoegeshwa na watu wanaotoka na kahawa. Hicho kipite. Unachotaka ni pampu zilizokaa sambamba na duka, ambapo ukimaliza unasonga mbele moja kwa moja hadi uwanja ulio wazi, na unataka ile ya pembeni kabisa, ya upande wa nje. Kituo kiwe na njia mbili za barabarani, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, bila kulazimika kugeuza. Haya yote yanaonekana kwenye picha ya setilaiti ya Google Maps. Jioni, watoto wakishalala, mmoja wenu achague vituo viwili vya kesho na akiba ya tatu, avitazame kutoka juu, ahakikishe. Ni kazi ya dakika kumi. Ukiona malori yameonekana kwenye picha hiyo, ni dalili kwamba uwanja unatosha.

Mkifika, msiingie kwa sababu tu pampu imekuwa tupu. Simameni pembeni kidogo msubiri ile ya nje. Tangi liko upande gani? Kwenye magari ya kawaida mshale mdogo kando ya geji ya mafuta unakuonyesha, lakini mwili wa RV hujengwa na kampuni nyingine juu ya chesisi ya Ford, kwa hiyo hakikisha kwa macho siku ya kuchukua gari, kisha uandike kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani. Kimo nacho kiandikwe hapohapo. RV kama yenu huwa na kimo cha futi 12 hivi ukihesabu kiyoyozi cha juu. Paa nyingi za vituo vya barabara kuu zinaipitisha, ila vituo vya zamani katika miji midogo vingine vina paa la chini. Kimo huandikwa kwenye ukingo wa paa. Msipoona maandishi na moyo ukasita, ondokeni.

Halafu kuna mkia. Nyuma ya magurudumu ya nyuma mna futi nyingi za gari zinazoning'inia. Ukikunja kushoto, mkia unafagia kulia, na dereva anayetazama mbele hauoni. Zile nguzo fupi za chuma zinazolinda pampu zimejaa rangi za RV za watu wengine. Ukimaliza kujaza, songa mbele wima kadiri uwanja unavyoruhusu kabla ya kugusa usukani kwa nguvu, na mtu mzima mmoja ashuke asimame nyuma upande wa pampu. Mumeo asione aibu kuongozwa. Madereva wa lori wenye miaka mingi huongozwa. Bahati yenu hamkokoti gari dogo nyuma. Wanaokokota gari kwa magurudumu yake manne hawawezi kurudi nyuma kabisa bila kulifungua, na nimewaona wakifungua vyuma katikati ya kituo huku honi zikilia pande zote.

Jambo la kabla ya kuingia kituoni, na hili silifanyii mzaha: zimeni gesi. Friji na hita ya maji ya RV huweza kuwaka kwa propeni, na hujiwasha zenyewe kwa cheche wakati wowote zinapohitaji. Mvuke wa petroli na mwali wa friji umbali wa hatua chache ni hatari ambayo mtu aliyezoea gari dogo hawezi kuifikiria. Fungeni valvu ya tangi la gesi kabla ya kukata kona ya kituo, jenereta nayo izimwe, na mkishaondoka mfungue tena. Friji iliyofungwa mlango haitaharibu chakula kwa muda huo. Mpeni kazi hii mtoto mkubwa kama mkumbushaji, watoto hupenda kuwa na cheo.

Sasa mjaze lini? Tangi la RV nyingi za Ford E-450 ni galoni 55. Msihesabu zote. Jenereta inanyonya mafuta kutoka tangi hilohilo, na bomba lake limewekwa juu kwa makusudi ili mafuta yakishuka hadi robo ya tangi jenereta izime, msije mkakwama porini kwa sababu ya kiyoyozi. Kwa hiyo mna kama galoni 41 za kutumia kwa amani. Kwa maili 8 kwa galoni ni maili 330 hivi. Lakini South Dakota na Wyoming zina upepo, na upepo wa mbele unaweza kushusha matumizi hadi maili 6 au 7 kwa galoni. Mama mkwe naye akilala mchana wa Julai huku kiyoyozi kikiendeshwa na jenereta, ongezeni nusu galoni au zaidi kwa kila saa. Kanuni ninayowapa wateja ni kuanza kutafuta kituo geji inapofika nusu. Hapo mna uhuru wa kukikataa kituo kibaya na kwenda kinachofuata. Mwenye robo tangi hana uhuru huo, anaingia popote, na ndipo nguzo zinapogongwa.

Kwenye njia yenu ningepanga hivi. Jazeni Sioux Falls, ambako kuna vituo vikubwa kwenye makutano ya I-90 na I-29. Chamberlain, pale I-90 inapovuka mto Missouri, simameni tena hata kama bado mna mafuta, kwa sababu mbele yake vituo vyenye nafasi vinapungua. Kisha Rapid City, halafu Gillette au Buffalo. Mkiamua kupita milima ya Bighorn kwa barabara ya US-16, Buffalo ni lazima: kupanda kutoka pale mpaka Powder River Pass, zaidi ya futi 9,600, kutawafanya muitazame geji kwa mshangao. Mwisho Cody, mjaze mpaka juu. Kutoka Cody hadi lango la mashariki la hifadhi ni kama maili 50, na ndani ya Yellowstone vituo vipo, Fishing Bridge, Canyon, Grant Village, Old Faithful na kwingine, ila ni vichache, Julai huwa na watu wengi, na barabara ya mzunguko mkuu ni maili 142.

Kasi ina uzito kuliko bei zote tulizozungumza. I-90 ya South Dakota inaruhusu maili 80 kwa saa. RV ni kabati linalosukuma upepo. Kaeni kwenye 60 au 62, njia ya kulia, na mtaokoa galoni nyingi kuliko Costco yoyote itakavyowapa.

Kuhusu aina ya petroli, hapa watu wa RV za kukodi huteleza sana, na njia yenu ina mitego miwili. Mtego wa kwanza utaanza Minnesota kwenyewe. Vituo kama Kwik Trip na Casey's huuza petroli iliyoandikwa Unleaded 88, rahisi kwa senti kadhaa. Namba hiyo ni okteni, kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya injini, na 88 inawafanya watu wadhani ni bora kuliko 87. Hiyo ni E15, yenye ethanoli asilimia 15, na kibandiko cha pampu chenyewe kinasema ni kwa magari ya abiria ya mwaka 2001 na kuendelea. RV yenu iko daraja la magari mazito, na jenereta inayokunywa tangi lilelile ni injini ndogo isiyotengenezewa mchanganyiko huo. Chukueni 87 ya kawaida, ambayo huwa na ethanoli asilimia 10. E85, ambayo mkono wake mara nyingi ni wa njano, msiiguse kabisa.

Mtego wa pili utaanza magharibi ya South Dakota na kuendelea Wyoming. Kule kwenye miinuko, petroli ya bei ya chini kabisa ni okteni 85. Ni mazoea ya enzi za kabureta, wakati injini kwenye hewa nyepesi ziliweza kuivumilia. Ford inataka 87 kwa injini hizi, na nyinyi mtakuwa mnapanda milima mmebeba tani kadhaa. Kwa hiyo kule, 87 mtaikuta kitufe cha katikati na si cha kwanza. Mkilinganisha bei kwenye GasBuddy, programu ya simu ya bei za mafuta, angalieni mnalinganisha 87 kwa 87, maana bei nzuri inayong'aa pale Rapid City inaweza kuwa ya 85.

Malipo ni dogo: pampu nyingi hukata zikifika dola 100, 125 au 150, na tangi lenu linaweza kuzidi hapo. Ingizeni kadi mara ya pili au mlipe ndani. Msitumie kadi ya benki yenye akiba ndogo, kwa sababu kituo huzuia kiasi kikubwa kuliko mlichotumia, na fedha hiyo hukaa imeshikiliwa siku kadhaa. Ubao ukionyesha bei mbili, ya chini ni ya fedha taslimu.

Kwa wasomaji wenye RV za dizeli: nyinyi mnaweza kufuata ushauri wa shemeji. Njia za malori zinawafaa, mtiririko wake ni wa kasi, na kadi kama Open Roads huwapa wenye RV punguzo la dizeli kwenye vituo vingi vya malori, ikikata sehemu ya kile ulichookoa. Ila someni maandishi, msifuate rangi. Vituo vingi mkono wa kijani ni dizeli, lakini BP wa kijani ni petroli. Na mkimaliza, sogeeni mbele ya mstari uliochorwa mbele ya pampu kabla ya kwenda dukani au chooni. Dereva aliye nyuma yenu kisheria ana saa 11 za kuendesha, zote ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na saa hiyo haisimami kwa sababu mtu ameenda kuchagua soda. Kwa sababu hiyohiyo, usiku msichukue maegesho ya malori.

Dada, kimebaki cha mwisho ambacho kina fedha kuliko ubishi wa nyumbani kwenu. Gari hurudishwa likiwa na mafuta yaleyale lililochukuliwa nayo, na kampuni za kukodisha hutoza galoni iliyopungua kwa bei yao, si bei ya ubaoni. Siku ya kwanza, mkitoka uani na gari, tafuteni kituo chenye kutokea kuzuri kilicho karibu na ofisi yao, mjaribu kuingia na kutoka humo mkiwa hamna haraka. Siku ya kurudisha mjaze hapohapo, mpige picha ya geji, risiti muihifadhi. Propeni nayo waulizeni siku ya kwanza kama inatakiwa kurudi imejaa, kwa sababu si kila kituo cha petroli huuza, na Flying J au Love's mtakayopita njiani wakati wa kurudi inaweza kuwa nafasi yenu ya mwisho ya kuijaza.